Okestra ya Ukumbi wa Sabuni

Mshereheshaji alipanda jukwaani na suti yake inayong'aa, akagonga kipaza sauti, akasema okestra yetu ya vijana ilizaliwa kutokana na ndoto. Ndoto gani! Ilizaliwa kutokana na piano mbovu, na mimi nilikuwepo. Ila siku ile sikuwa na nguvu za kubishana na mtu. Nilikaa mstari wa pili, nikimwomba Mungu huyo bwana aendelee tu kutia chumvi mpaka kesho, kwa sababu akishuka yeye anaingia binti yangu kupiga fidla peke yake mbele ya watu wote wale. Na juzi yake alikuwa ameniambia, bila hata kulia, kwamba sauti yake ikishuka tena safari hii, fidla haigusi tena maisha yake yote.

"Unatetemeka mpaka kiti changu kinatikisika," baba yake akaninong'oneza.

"Niache."

"Mimi nimekuacha. Mwambie kiti."

Huyo ndiye mume wangu. Nyumba ikiwaka moto atatafuta la kuchekesha kwanza, ndoo baadaye. Lakini nilipomtazama niliona anatafuna ukucha wa kidole gumba, naye si mtu wa kutafuna kucha.

Ili uelewe huko kushuka ni kushuka gani, ngoja nikupe historia yenyewe, si ile ya suti.

Kiwanda cha sabuni kilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi. Sakafu ya mbao, madirisha marefu, na harufu ya magadi ambayo hata upige deki vipi haitoki. Pembeni ilisimama piano waliyoiacha wenye kiwanda wa mwanzo. Kulikuwa na mama mmoja, karani wa stoo, ambaye Jumapili alipiga kinanda kanisani, mkali kama pilipili, na watu walikuwa wakimwita Bibi Kinanda hata kabla hajapata mjukuu. Alipostaafu aliomba ufunguo wa ukumbi ili kila Jumamosi awafundishe muziki watoto wa wafanyakazi. Wakampa. Nadhani waliona kumpa ni rahisi kuliko kumnyima.

Akamleta fundi wa piano. Fundi akafungua kifuniko, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda, akatoka anatikisa kichwa. Chuma cha ndani kinachobeba nyuzi kilikuwa na ufa. Akizikaza nyuzi mpaka pale zinapotakiwa, alisema, chuma kitapasuka vipande viwili.

"Nitazilegeza zote kwa pamoja," akasema. "Zitakuwa chini kidogo, lakini zitaelewana zenyewe kwa zenyewe."

"Zikielewana inatosha," Bibi Kinanda akamjibu, akampa chai, fundi akaenda zake. Na hapo ndipo okestra yetu ilipoanzia, kama kuna anayetaka kujua.

Zikaja fidla chakavu kutoka shule iliyofungwa. Baadaye zikaja selo, yale mafidla makubwa yanayopigwa yakiwa katikati ya magoti, halafu lile kubwa zaidi linalopigwa kwa kusimama. Watoto wakakua, wakaoa, wakaleta watoto wao. Kila Jumamosi Bibi alibonyeza kibao kimoja cha ile piano, ile noti ya la, ya sita ukihesabu do, re, mi, akaishikilia, na kila mtu akakaza nyuzi zake mpaka zifanane nayo. Hakuna mtu aliyekaza kwa kitu kingine chochote. Piano ndiyo iliyokuwa mama wa nyumba.

Mimi nilikuwa na chumba changu cha cherehani ubavuni mwa ukumbi, mlango kwa mlango. Mashati yao meupe nimeshona mimi, sketi nyeusi nimeshona mimi, na wakirefuka nazishusha pindo mimi, kila mwaka, watoto wa watu wanakula nini sijui. Binti yangu alijifunza kutambaa chini ya ile piano. Mguuni nina pedeli ya cherehani, yeye kule anazishika pedeli za piano kwa mikono miwili, Bibi anampigia kelele, "Toa mkono, kiumbe wewe!"

Hata kabla hajazijua "a" na "be", alishika sufuria akaniambia, "Mama, hii ni fa." Nikacheka. Bibi Kinanda akainuka, akagonga sufuria, akaenda kubonyeza piano, na kweli ilikuwa fa. Tangu siku ile hakuitwa jina lake tena, akawa Sikio. Baba yake aliufanya mchezo. Anamwamsha asubuhi, anamwambia "nipe la," mtoto anaimba la na matongotongo machoni, wanakimbilia ukumbini kuipima, na haijawahi kukosea. Hata unywele.

Okestra ikasifika mjini kwa jambo moja: kulingana. Tulikuwa hatuna viatu vya kufanana, lakini sauti zilikuwa zimekaa pamoja. Wageni walikuja, wakasikiliza, wakasema hawajasikia watoto wanaolingana hivi. Bibi Kinanda alikuwa akivimba kichwa, na sisi wazazi tukivimba naye.

Halafu likatujia jambo. Bibi alianza kutetemeka mikono, akamkabidhi uongozi kijana mmoja aliyelelewa humo humo, mpiga selo, aliyekwenda kusoma muziki akarudi. Watoto wanamwita Mwalimu. Ni kijana mzuri, mpole, na mimi nilikuwa nampenda hadi siku aliponiumizia mtoto. Mwalimu alitaka okestra kamili, ya nyuzi na ya kupuliza. Bahati ikawa bendi ya vijana wa reli imevunjika. Wakaja wote na vyombo vyao, matarumbeta, klarineti, filimbi, na kijana mmoja mrefu mwembamba anayepuliza oboi, lile zumari jeusi lenye sauti ya kukuna moyo. Tukamwita Mlingoti.

Siku ya kwanza walipopiga pamoja, loo! Nilitoka chumbani na sindano mdomoni. Ilikuwa kama paka wamefungwa gunia moja. Watoto wetu wakasema hawa wa bendi hawajui kupiga, wako juu. Wa bendi wakasema sisi tumepiga hivi miaka yote, nyie ndio mmelala. Bibi Kinanda aliyekuja kuangalia akapiga fimbo sakafuni.

"Shukeni! Shukeni mkutane na piano!"

Maskini, walijaribu kushuka. Walivuta vyombo vyao vikarefuka mpaka klarineti moja ikaachia kipande kikaanguka. Mlingoti ndiye aliyethubutu.

"Bibi, hii oboi haishuki zaidi ya hapa," alisema. "Labda piano yako ipande."

Thubutu! Kidogo apigwe. Ugomvi ule ulichukua wiki kadhaa, wazazi kwa wazazi hatusalimiani, mpaka Jumamosi moja Mwalimu akaja na kile kichuma chenye umbo la uma ambacho ukikigonga kinatoa la ya dunia nzima. Akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya kifuniko cha piano, akabonyeza la yetu.

Kila mtu alisikia. Piano yetu ilikuwa chini, karibu kiasi cha kutoka kibao cheupe hadi cheusi kilicho jirani yake. Miaka yote ile tulikuwa tukilingana sisi kwa sisi tu. Bibi Kinanda akavuta kiti akakaa.

"Fundi aliniambia," akasema taratibu. "Aliniambia, nikampa chai, nikasahau."

Basi ikaamuliwa nyuzi za fidla na selo zipande. Piano ikafunikwa shuka. Nyuzi za zamani zikakatika paa, paa, watoto wakaruka, wakacheka, wakazoea. Kwa mtu wa kawaida ni jambo dogo, unasikia mwenzako, unamfuata. Ndani ya muda mfupi okestra nzima ikawa imehamia juu kama watu waliohama nyumba.

Isipokuwa wangu.

Nilifikiri ni ukaidi. Nikamsema. Akanieleza mara moja tu, kwa uchovu, kama anayemweleza mtoto mdogo. Nyimbo za redioni hazikumsumbua, alisema, za watu zikae zitakapo. Lakini la ya kwake, ile ya kidole hiki kwenye uzi huu, ameijua tangu hajaota meno. Sasa anaweka kidole palepale na inatoka noti nyingine. "Ni kama nakuita wewe mama, anageuka mtu mwingine," akasema. Basi sikio linavuta, kidole kinateleza chini kidogo, halafu kidogo tena. Akipiga na wenzake wanambeba. Akipiga peke yake anashuka, taratibu, bila mwenyewe kujua, mpaka anafika kwao, kule chini kwenye piano ya kiwanda. Vya kupuliza vinapoingia ndipo inasikika aibu.

Na Mwalimu alikuwa ameshatunga muziki wa onyesho kubwa la kumbukumbu ya kuanzishwa kwa okestra, na katikati aliandika kipande cha polepole cha fidla moja, peke yake, kisha oboi inampokea. Alimwandikia Sikio, kabla ya kile kichuma.

Nyumba yangu ikawa haikaliki. Mtoto hali. Anazungusha kijiko kwenye sahani. Birika likianza kupiga mluzi anatoka nje. Anafunga mlango anafanya mazoezi, na mimi nimekaa kwenye cherehani siendeshi, nasikiliza ukutani, roho juu: ameanza vizuri, ameanza vizuri, sasa anashuka, Mungu wangu, anashuka. Maana nami sikio langu limelelewa pale pale. Nilikuwa namwambia jikaze. Asubuhi jikaze, jioni jikaze, jikaze kisabuni mwanangu, mpaka neno lenyewe likachakaa mdomoni.

Mazoezi ya mwisho alishuka vibaya kuliko siku zote. Oboi ilipoingia, mtu mmoja wa tarumbeta alicheka, wengine wakainamisha vichwa. Mwalimu akashusha kijiti chake cha kuongozea.

"Pacha anakijua kile kipande," akamwambia kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. Pacha ndiye anayekaa naye kiti cha mbele, rafiki yake tangu utotoni. "Ukiona hutaweza, niambie. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitapiga," Sikio akasema.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiambia yale maneno. Akishuka tena, basi, fidla haigusi. "Na usinibembeleze, mama." Nilisema sawa. Kisha nikambembeleza njia nzima. Nilikuwa naogopa, nakuambia kweli. Sikuogopa aibu. Nilimuogopa huyo mtoto mwingine ambaye angebaki nyumbani kwangu, asiye na fidla, ambaye sijawahi kumwona na sijui anakula nini wala anacheka kwa lipi.

Sasa tupo pale. Mshereheshaji kamaliza ndoto zake, watu wamepiga makofi, taa zimepunguzwa. Bibi Kinanda amekaa mstari wa mbele yangu, fimbo katikati ya magoti, shingo imenyooka. Okestra ikaingia, nguo zangu zote zile, nikaona pindo moja limefumuka na hata sikukasirika. Mlingoti akapuliza la. Wote wakakaza nyuzi zao.

Sikio hakukaza. Alimpa Pacha fidla yake, Pacha akaikaza kwa niaba yake, akamrudishia. Nikamkamata mume wangu mkono.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kwa nini hajakaza mwenyewe?"

"Labda kucha zinamuuma," akasema, lakini sauti haikuwa na mzaha ndani yake.

Wakaanza. Sijui walipiga nini mwanzoni, nisikudanganye, sikusikia kitu. Nilikuwa namtazama mtoto. Na kulikuwa na kitu kingine hakikuniingia akilini. Sikio anapiga akiwa amefumba macho, siku zote, hata Bibi alishakata tamaa ya kumfumbua. Siku ile aliyatoa macho kama mtu anayevuka barabara, yamekwama kwenye kijiti cha Mwalimu, hayapepesi.

Wenzake wakanyamaza. Akasimama. Mwalimu akamwonyesha kwa kichwa, akaanza.

Kila noti nilikuwa naisubiri iteleze kama anayesubiri sahani ianguke. Ameanza vizuri. Hata kwenye mazoezi alianza vizuri. Akafika pale pabaya, pale kwenye mzunguko mrefu, ambapo siku zote ndipo anapoanza kuondoka. Baba yake aliacha kutafuna. Bibi Kinanda aliinamisha kichwa upande, anasikiliza. Mlingoti akainua oboi, akaweka mdomoni, akavuta pumzi, nami nikafumba macho kwa sababu sikutaka kuona nyuso za watu.

Oboi ikaingia. Ikakaa juu ya fidla palepale, kama vazi lililopimwa.

Hakushuka! Nililia, ndiyo, nililia kwa sauti, mtu wa nyuma akanisukuma bega. Walimaliza, ukumbi ukasimama, watu wanapiga miluzi. Na Sikio alikuwa bado anamtazama Mwalimu. Hakugeuka. Mpaka Mwalimu alipomwonyesha watu kwa mkono, ndipo akawaona wamesimama, akashtuka, akainama. Wakatoka kwenda nyuma ya jukwaa na makofi hayakukoma.

Nilikanyaga watu miguu. Nikapita mlango wa pembeni, nikafika chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta peke yake amenipa kisogo, anafuta fidla.

"Sikio!"

Hakugeuka.

"Sikio, mwanangu!"

Aliendelea kufuta. Nikaenda nikamgusa bega, akaruka kama aliyeshikwa na mwizi. Akaniona. Akaweka fidla kitini, akaingiza kidole sikioni, akachokoa, akatoa donge la pamba lililokandwa na nta ya mshumaa. Kisha la upande wa pili. Kuzunguka masikio palikuwa pamevimba, pekundu.

"Ilikuwaje?" akaniuliza. "Nilipiga vizuri?"

Sikuelewa haraka. Halafu nikaelewa.

"Hukusikia?"

"Nilihesabu vidole. Nilikuwa naisikia kwenye taya tu, kama mashine ya jirani." Akayaweka madonge ya pamba kitini. "Mwalimu alikuwa anacheka, nikajua sijashuka. Nimepata njia, mama. Kila onyesho nitafanya hivi. Nitazoea." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Niambie basi ilivyokuwa."

Mtu anaulizwa swali kama hilo anajibu nini? Mimi niliyemwambia jikaze asubuhi na jioni. Alikuwa amejikaza. Nilitaka kumwambia ilikuwa nzuri, nikaona haitoshi. Basi nikamwimbia. Sina sauti, mimi ni fundi cherehani, lakini kile kipande nilikisikia ukutani mpaka kikaniganda. Nikaanza kukivumisha kwa mdomo uliofungwa, kuanzia mwanzo.

Uso wake ukabadilika. Akaninyamazisha kwa mkono, akainamisha kichwa.

"Rudia. Anza tena pale."

Nikarudia.

"Mama," akasema, na sauti ikamkatika, "uko kwetu."

Kumbe nilikuwa naimba kule chini, kwenye piano ya kiwanda. Ningeimba wapi kwingine? Hapo ndipo mtoto alipolia, kilio ambacho hakikutoka wiki zote zile, kilio cha kamasi. Huku analia akaichukua fidla, akalegeza nyuzi, mmoja mmoja, bila piano, bila kichuma, mpaka zikatulia. Akafumba macho.

Mlango ukafunguka. Mwalimu, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Wanataka irudiwe! Ukumbi mzima! Sikio, twende, oboi iko tayari—"

"Haji," nikasema.

"Mama Sikio, dakika tu, wamesimama—"

"Nimesema haji. Fidla yake haiko kwenu sasa hivi. Mpe Pacha."

Aliangalia madonge ya pamba pale kitini. Aliangalia masikio ya mtoto. Alifungua mdomo, na sijui alitaka kusema nini, kwa sababu nilimsukuma nje, kijana wa watu, nikafunga mlango, nikauegemea kwa mgongo.

Sikio alikuwa ameshaanza kukipiga kile kipande, kule chini kwetu. Kule ukumbini wanagonga miguu chini, mlango unatikisika nyuma yangu, mtu anagonga, mwingine anagonga. Nikakita visigino sakafuni, nikauzuia mpaka akamaliza.